Wallace, Thika na uongo usio na mwongo

Filamu ya mambo ya kale ikionyesha yasiyotokea, je, imesema uongo? Swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la historia.

Mfano unaotajwa sana ni Braveheart, filamu ya Mel Gibson ya mwaka 1995 kuhusu William Wallace, Mskoti aliyepambana na Waingereza mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 1297 Waskoti walishinda pale Stirling kwa sababu ya daraja. Lilikuwa jembamba, na walilivamia jeshi la Waingereza likiwa nusu limevuka, nusu bado liko ng'ambo. Kwenye filamu daraja halipo. Majeshi yanakutana uwanjani. Wanaume wamejifunga vitambaa vya miraba ambavyo Waskoti hawakuvivaa hivyo hadi karne ya 16. Binti mfalme Isabella, anayebeba mimba ya Wallace, alikuwa mtoto wa miaka kama 10 huko Ufaransa Wallace alipouawa mwaka 1305. Kati ya makosa hayo, la daraja ndilo zito, ingawa la mavazi ndilo linalochekwa zaidi. Ukiondoa daraja umeondoa akili iliyoshinda vita, ukabakiza ushujaa mtupu.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliligusa jambo hili katika kitabu chake Soliloquia, yapata mwaka 387. Alimtenga mdanganyifu, ambaye nia yake ni mtu aamini kisicho kweli, na mtunzi wa michezo na mashairi, anayesema yasiyo kweli ili kufurahisha. Roscius, mwigizaji wa Roma, akicheza Hecuba ni Hecuba wa uongo, lakini ni mwigizaji wa kweli. Na asipokuwa wa kwanza hawezi kuwa wa pili. Kwa mizani hiyo Gibson angeponea chupuchupu, isipokuwa filamu yake inafunguliwa na sauti inayoonya kwamba wanahistoria wa Uingereza wataiita ya mwongo. Mtu anayetanguliza onyo la namna hiyo anaomba kuaminiwa.

Kibanda cha video cha Thika au Ruiru, huko Kenya, kinalipindua suala hili. Kuta ni mabati, pazia zito limefunga mlango mwanga usiingie, watu wamebanana kwenye mabenchi. Filamu za ngome na mapanga huchezwa zikiwa na sauti ya DJ anayesimulia juu ya sauti ya asili. Anayejulikana kuliko wote ni DJ Afro. Steringi, yaani mhusika mkuu, hupewa jina la mtaani. Mfalme anaweza kubishana na waziri wake kama makanga na abiria aliyegoma kuongeza nauli. Kihistoria huo ni upotoshaji wa kupindukia. Hata hivyo hakuna anayetoka humo akiamini kwamba Ulaya ya karne ya 13 ilikuwa na makanga, kwa maana mchezo umejitangaza kuwa mchezo. Huyo DJ ndiye Roscius hasa.

Hatari iko kwa filamu iliyo makini. Mwaka 1981 televisheni ya Uingereza ilionyesha The Flame Trees of Thika, tamthilia ya sehemu 7 iliyotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kuhusu familia ya walowezi iliyofika Thika mwaka 1913. Huxley, aliyezaliwa mwaka 1907, aliandika kumbukumbu za utoto akiwa amevuka miaka 50, na wazazi wake akawaita Robin na Tilly. Hakuficha kwamba anasimulia kwa jicho la mtoto. Lakini televisheni ina namna yake ya kuthibitisha mambo: kofia ni za wakati ule, mkokoteni wa ng'ombe ni wa wakati ule, basi na yaliyobaki huaminiwa kwa dhamana ya kofia.

Jicho la mtoto wa mlowezi humwona baba akihangaika kupanda kahawa. Halisomi sheria ya mwaka 1902 iliyowapa walowezi ardhi kwa miaka 99, wala ile ya 1915 iliyoifanya 999, na Wagikuyu wengi wa upande wa Kiambu wakawa maskwota mahali walipokuwa wakilima. Mwaka 1921 mahakama ilitamka kwamba Mwafrika ni mpangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haiulizi nia peke yake; inamtazama jirani pia. Jirani wa Wallace alikufa miaka 700 iliyopita. Wa Thika ana wajukuu, na wajukuu hao hupita kando ya mashamba yale yale wakienda kazini.

Hata vitu vidogo vina mtego. Mkulima wa Ruiru akionyeshwa shamba la mwaka 1913 lenye mibuni mifupi iliyosongamana, atacheka: hiyo ni Ruiru 11, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha hapo hapo mwaka 1985, ambayo hupandwa miche kama 2,500 kwa hekta, karibu maradufu ya ile ya awali. Mwelekezi msikivu ataihamisha kamera hadi kwenye SL28, mirefu, yenye matawi yaliyotanuka, na mkulima ataitikia kwa kichwa kwamba hiyo ndiyo kahawa ya zamani. Ila SL28 ilichaguliwa na Scott Laboratories, Kabete, katika miaka ya 1930. Kicheko kimezimika na kosa liko palepale, sasa likiwa na shahidi.