Nyayo Nyuma ya Profesa

Ben Macdui si mlima wa kilele kilichochongoka. Ni mgongo mpana wa itale katika safu ya Cairngorms, Uskoti, na ingawa kwa mita 1,309 ni wa pili kwa urefu Uingereza nzima, anayefika juu hujikuta kwenye uwanda wa mawe. Ukungu ukishuka, hajui alikotoka wala aendako bila dira. Huko, wasema wasimulizi, hutembea Am Fear Liath Mòr, jina la Kigaeli la jitu la kijivu.

Mwaka 1891 Norman Collie alikuwa akiteremka peke yake kutoka kileleni ndani ya ukungu. Akasikia changarawe ikilia nyuma yake: yeye akipiga hatua kadhaa, kitu kile kilipiga moja, ndefu. Akatimua mbio mpaka karibu na msitu wa Rothiemurchus. Huyu hakuwa mwoga. Alikuwa mkemia, baadaye akawa profesa jijini London, na mwaka 1895 alikuwa Nanga Parbat katika msafara ambao mpandaji mwenzake, Mummery, hakurudi nao. Habari ya nyayo aliitoa hadharani Aberdeen mwaka 1925, mbele ya wapanda milima wenzake, na hapo ndipo jitu lilipovuma.

Aaminiwe?

David Hume, mwanafalsafa wa Edinburgh, alifundisha mwaka 1748 kwamba ushahidi wa muujiza haukubaliki ila pale ambapo uongo wake ungekuwa muujiza mkubwa zaidi. Kwa mizani hiyo jitu haliponi. Wengine hutaja kivuli cha mpandaji, ambacho jua likiwa chini nyuma yake huangukia ukungu na kuonekana kikubwa ajabu, kimezungukwa na duara za rangi. Ila kivuli hakina kishindo, na Collie alisikia.

Tena Hume anahukumu jitu, si hofu. Hofu ilitokea kweli. Mwanasaikolojia William James, mwaka 1902, alieleza kwamba binadamu huweza kuhisi uwepo wa kitu hata pasipo jicho wala sikio kukithibitisha, akashauri hisia hizo zipimwe kwa matunda yake. Mpelelezi wa Antaktika Ernest Shackleton na wenzake wawili, walipovuka kisiwa cha South Georgia mwaka 1916, walihisi wa nne yu pamoja nao. Shackleton aliona mkono wa Mungu. Wao walitiwa nguvu, Collie alikimbizwa.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Matunda hupima thamani, hayathibitishi uwepo. Muumini anayemkubali wa nne wa Shackleton lakini akaziita nyayo za Collie mawenge ametumia mizani mbili. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitaja kupambanua roho miongoni mwa karama, maana yake si kila kinachohisiwa hupokelewa, wala si kila kinachotisha hutupwa kabla ya kuchunguzwa. Kazi hiyo hudai mtu asimame. Collie hakusimama, na alisema hatarudi tena peke yake. Kwa hiyo ushahidi wake unatosha kabisa kuhusu hofu aliyoipata, lakini kuhusu aliyekuwa nyuma yake hautoshi.