Nafsi Kujihesabu Yenyewe

Muhasaba, yaani kuihesabu nafsi, ni desturi ya kupima kila siku kile mtu alichokusudia na kile alichotenda. Katika Uislamu, al-Harith al-Muhasibi wa Basra, aliyefariki Baghdad mwaka 857, aliifanya kuwa kiini cha mafundisho yake. Mwanazuoni al-Ghazali (1058–1111), katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, aliipangia utaratibu wa kutwa nzima. Baada ya sala ya alfajiri mtu huiwekea nafsi yake masharti, kama mfanyabiashara anavyopatana na mshirika anayemkabidhi mtaji, mchana huichunga, mwisho wa siku huidai hesabu.

Mwanafunzi akiufuata mpango huo, huamua asubuhi atakachokielewa, na usiku hufunga kitabu akaeleza kwa maneno yake kile alichokielewa. Anapokwama ndipo pa kuanzia kesho.

Ugumu wa kweli ni kwamba nafsi iliyokosea ndiyo hiyo hiyo inayokalia kiti cha hakimu, na ni nyepesi kujisamehe. Masharti ya asubuhi husaidia, maana kipimo huwekwa kabla kosa halijatafuta udhuru. Hata hivyo hayatoshi, na al-Ghazali alilijua hilo vizuri. Ili mtu azijue aibu zake, alimwelekeza kwa mwalimu mwenye busara, kwa rafiki mkweli, na hata kwa maneno ya adui, ambaye chuki yake huona yale ambayo rafiki huyafumbia macho. Darasani, mwanafunzi mwenza anayemkosoa mtu kwa ukali humuumiza, lakini kosa alilolionyesha mara nyingi lipo kweli.