Je, Makofi ni Malipo?

Jioni, upepo wa Gilgil unapotimua vumbi uwanjani, watoto hukusanyika kucheza mpira. Mmoja wao akiwapiga chenga wenzake wawili watatu, wengine humpigia kelele: "Kadenge na mpira!" Siku moja niliwauliza Kadenge ni nani. Mmoja akanijibu kwamba huo ni msemo tu. Jibu lile lilinitia fikirani, maana Kadenge hakuwa msemo, alikuwa mtu.

Joe Kadenge alizaliwa mwaka 1935, akawa mmoja wa washambuliaji hodari kabisa waliopata kuonekana nchini Kenya. Aliichezea Maragoli United, kisha Abaluhya United, timu iliyoundwa mwaka 1964 na kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1966. Ligi yenyewe ilikuwa changa: ilianza mwaka 1963, na mabingwa wake wa kwanza walikuwa jirani zetu, Nakuru All Stars. Aliichezea timu ya taifa pia. Leonard Mambo Mbotela, alipotangaza mechi redioni, alilitaja jina la mchezaji huyo mara nyingi hata likaingia katika lugha ya watu.

Lakini mpira wa siku hizo haukuwa na utajiri. Mwaka 2002 Kadenge aliifundisha timu ya taifa. Hata hivyo, baada ya siku zake za uwanjani alijipatia riziki kwa kuendesha teksi mjini Nairobi. Alifariki tarehe 7 Julai 2019, baada ya kuugua, akiwa na umri wa miaka 84.

Basi nauliza: mtu akitufurahisha, je, makofi tuliyompigia yatosha kuwa malipo?

Wako wasemao kuwa yatosha. Husema kwamba hakuna aliyemlazimisha kucheza. Aliupenda mchezo, akapata sifa. Tena huuliza: mtengeneza barabara na mchuma pareto, wao walipigiwa makofi na nani? Hoja hii ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Kuendesha teksi si aibu, kwa kuwa kazi halali haimshushi mtu cheo.

Lakini kosa haligeuki kuwa haki kwa sababu limetendewa wengi. Ikiwa mchuma pareto naye amesahauliwa, basi tuna madeni mawili badala ya moja. Furaha tuliyoipata kwa mchezaji ilitoka katika ujana wake, na ujana ni akiba ambayo ikitumika hairudi. Aliyekula akiba ya mwenzake ana deni, hata kama alikaribishwa kwa moyo mweupe. Makofi hupendeza masikio jioni moja. Hayanunui dawa uzeeni, wala hayabishi hodi mlangoni mwa mgonjwa. Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nadhani iko shukrani nyingine iliyo baridi kuliko mateke, nayo ni kulikumbuka jina na kumsahau mwenye jina.

Hayo nasema, nami sijitoi lawamani. Mwalimu aliyenishika mkono nikaandika herufi yangu ya kwanza alistaafu zamani. Kila mwaka humtaja mbele ya wanachuo wangu, nao humpigia makofi. Lakini nyumbani kwake sijafika miaka mingi, ingawa nauli si kubwa na njia naijua. Nimekuwa nikimlipa kwa makofi ya watu wengine.

Wanafunzi wapenzi, deni la namna hii halilipwi kwa fedha peke yake. Vyama vya michezo na viwekee wachezaji akiba wangali na nguvu. Mchezaji naye na ajifunze kazi nyingine miguu ingali mepesi. Sisi tuliobaki, tuwaendee waliotufaa wangali hai, tuwaulize hali zao.

Wale watoto wa uwanjani niliwasimulia habari za Kadenge, wakasikiliza. Na likizo ijayo, kabla sijamtaja tena mwalimu wangu mbele ya mtu yeyote, nitakwenda kwake kwanza.