Kumsindikiza Rafiki Aendaye Kudai Haki



Swali la mwezi huu tulipewa na rafiki yetu, mkulima wa kahawa wa Litembo. Yeye ni Mkatoliki, kama walivyo wengi wa huko, nasi tu Walutheri. Lakini urafiki wetu haujapata kupungua kwa sababu hiyo.

Mwaka mmoja yeye na wenzake walipeleka kahawa yao, ikapimwa, wakapewa karatasi, kisha wakangoja fedha miezi mingi wasilipwe. Basi wakapatana kwenda Mbinga pamoja, kwa miguu na mikono mitupu, waonane na wakubwa. Siku moja kabla ya safari akaja nyumbani kwetu, akasema, "Mchungaji, siombi useme neno lo lote. Nataka tutembee pamoja tu." Tukamjibu ya kuwa tunao wanafunzi wa kipaimara, wala hatuwezi kuwaacha. Akanyamaza kidogo, akatuaga, akaenda zake.

Wanafunzi wale tungaliweza kuwafundisha siku ya pili yake. Sisi twalijua, naye alilijua. Je, tulitenda vema?

Wako watakaosema, Naam, maana Mtume Paulo katika Warumi 13 atuagiza kuitii mamlaka. Tena watamtaja Luther, ambaye mwaka 1525, wakulima wa Ujerumani waliposhika silaha, aliandika juu yao maneno makali mno. Ni kweli. Lakini mwaka uo huo, kabla ya maneno hayo, aliandika kitabu cha kuzionya pande zote mbili, akawaambia wakuu waziwazi ya kuwa machafuko yale yametokana na wao wenyewe, kwa jinsi walivyowanyonya watu. Wakulima aliwakataza upanga. Hakusema kwamba kilio chao chote ni cha uongo.

Na huyo Paulo aliyeandika Warumi, yeye mwenyewe alifanyaje? Twasoma katika Matendo 16 jinsi yeye na Sila walivyopigwa fimbo huko Filipi, wakafungwa bila hukumu. Asubuhi wakubwa wakataka kuwatoa kwa siri. Paulo akakataa, akataka wakubwa wenyewe waje wawatoe. Hakutukana, hakuvunja mlango, wala hakukimbia. Alitaka tu haki ionekane mbele ya watu. Huko si kuasi, bali ni kumkumbusha mwenye mamlaka kazi aliyopewa na Mungu.

Hata katika nchi yetu yametokea mambo kama hayo. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani mpaka bomani Same, kwa kuikataa kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Wakakaa huko majuma mengi, na mwisho kodi ile ikaondolewa. Tena tuukumbuke mji wa Leipzig, ambao chama chake cha misheni kilileta wahubiri Kilimanjaro mwaka 1893, na baadaye Upare. Katika kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini humo watu walizoea kuomba amani kila Jumatatu. Jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapata 70,000 wakatembea njiani, wengi wao wakishika mishumaa. Askari walikuwa tayari. Lakini hapana risasi iliyopigwa.

Lakini tusidanganyane: si maandamano yote yanayokwisha hivyo. Hasira ya watu wengi ni kama mvua ya masika juu ya miteremko ya Umatengo. Ikiachwa, huchukua udongo na mbegu pia. Wamatengo tangu zamani hawakuizuia mvua, maana nani awezaye? Wala hawakuiacha ishuke ipendavyo. Huchimba ngoro, shimo kwa shimo, maji yakatulia humo, na mazao yakasitawi kandoni. Vivyo hivyo mtu mmoja mtulivu katikati ya wenye hasira ni ngoro moja. Ikiwa watu watulivu wote wanabaki nyumbani, ni nani atakayelaumiwa siku jiwe la kwanza litakaporushwa?

Kwa hiyo, ndugu wakatekista, mtu akija kuwaita, mwulizeni kwanza: Je, madai haya ni kweli? Je, mikono yenu ni mitupu? Je, mtamheshimu hata mtu mnayemdai? Akiwa hana jibu jema, mkatalieni kwa upendo. Bali akiwa nalo, jiulizeni wenyewe ni nini kinachowazuia. Kuogopa si dhambi. Dhambi ni kuuvika uoga kanzu ya utii.

Rafiki yetu alirudi usiku, miguu imevimba. Walisikilizwa, ingawa siku ile hawakulipwa. Akapita kwetu, akauliza, "Wanafunzi hawajambo?" Tukajibu, "Hawajambo," tusiweze kumtazama.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukaenda kwake, tukamwambia kweli: "Ndugu, tuliogopa."

Akacheka kidogo, akatukaribisha kiti. "Mimi pia niliogopa, Mchungaji," akasema. "Ndiyo sababu nilikuja kukuita."