Masurufu ya Safari na Vipindi vya Mfukoni

 

Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu imeletewa swali, nalo ni hili: Je, yafaa Mwislamu kuhifadhi vipindi vya televisheni katika simu au kishikwambi, akavichukua safarini ili avitazame njiani? Swali hili laonekana dogo, lakini waulizao ni wengi, na wafanyao bila ya kuuliza ni wengi zaidi. Kwa hivyo twaona ni wajibu kulijibu.

Kwanza na tuelewe ni kitu gani kilichobadilika. Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Zama zile ilikuwa ni sanduku lililowekwa sebuleni mwa mwenye uwezo, nayo ilikuwa na saa zake za kufungua na saa zake za kufunga. Kipindi kilichokupita kilikuwa kimepita. Baadaye zikaja mashine za kurekodia kanda: Betamax mwaka 1975 na VHS mwaka 1976. Mtu akaweza kukiweka kipindi hata siku aitakayo, ila bado alilazimika kukaa mbele ya sanduku lake. Leo sanduku lenyewe limeingia mfukoni. Laingia nawe garini, kivukoni, kitandani, na wengine huingia nalo hata msikitini.

Basi walioondoka ni walinzi wawili. Wa kwanza ni saa: kipindi kilikuwa na mwisho, kikisha mtu huinuka. Wa pili ni macho ya watu: sebuleni palikuwa na baba, mama, bibi na watoto, na lenye kuaibisha likitokea, mmoja wao hulizima. Mwenye simu na waya masikioni hana saa ya kumwinua wala jicho la kumstahi. Amebaki na mlinzi mmoja tu, nao ni moyo wake mbele ya Mola wake.

Hatusemi kwamba chombo hiki ni haramu. Wako waliokataa kila chombo kipya kwa kuwa ni kipya, na hiyo si elimu. Chombo hufuata kilichotiwa ndani yake: bilauri ya maji ni halali, na bilauri iyo hiyo ikitiwa mvinyo ni haramu kuinywa. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alikamilisha kurekodi Qur'ani nzima kwa sauti yake, na hadi leo maelfu ya watu hujifunza tajwidi kwa kumsikiliza, naye amekwisha kufariki. Ni nani awezaye kusema kwamba kurekodi huko kulikuwa ni ubaya? Makosa hayamo katika kurekodi, yamo katika tunachokichagua.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwenyezi Mungu amewaamrisha mahujaji wachukue masurufu ya njiani, kisha akabainisha kwamba masurufu yaliyo bora ni kumcha Yeye. Ibn Abbas amesimulia kuwa aya hiyo ilishuka kwa sababu ya watu wa Yemen, waliokuwa wakienda Hija bila ya chakula, wakidai kuwa wamemtegemea Mungu, kisha wakifika Makka huomba watu. Sisi leo hatusafiri bila ya masurufu. Twayapanga tangu usiku: simu imejazwa umeme, na tamthilia ya vipindi kumi imekwisha kuhifadhiwa. Lakini je, haya ndiyo masurufu tuliyoamrishwa?

Mtazameni mwenzetu apandaye treni pale Miritini kwenda Nairobi, mwendo wa saa tano au sita. Apita Tsavo na ndovu wake wala hainui uso, ilhali Mola wetu ametuhimiza tutembee katika ardhi tuyazingatie aliyoyaumba. Asafiri, na dua ya msafiri ni katika dua ambazo Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa hazirudishwi, naye hana hata neno moja alimwombealo mzazi wake mgonjwa. Kisha wakati wa sala humkuta na kumpita. Sharia imemhurumia msafiri kwa mashaka ya njia: Adhuhuri yake ni rakaa mbili na Alasiri yake ni rakaa mbili, na ameruhusiwa kuzikusanya pamoja. Sala zote hizo hazifiki robo saa. Mwenyezi Mungu amempunguzia sala, naye amejiongezea mchezo. Na hata hicho kidogo kilichobaki amekiacha kimpite, kwa kuwa kipindi hakijesha!

Na tufanye hisabu kama wafanyavyo wenye maduka. Mtu atazamaye vipindi viwili kila siku, kila kimoja dakika 45, hutumia saa moja na nusu. Kwa mwaka ni saa 547 na nusu, nazo ni karibu siku 23 nzima, usiku na mchana. Kwa miaka 10 ni siku 228. Na juzuu moja ya Qur'ani katika msahafu wa Madina ni kurasa zipatazo 20. Msomaji wa kadiri huimaliza kwa muda wa kipindi kimoja au kuzidi kidogo. Hatutaki mwenye kutuambia kwamba hana wasaa. Wasaa anao, bali ameupa mwengine. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba siku ya Kiyama mja ataulizwa umri wake aliumaliza katika nini.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hulipuuza. Vipindi hivi twavipata wapi? Mtu huenda dukani akatoa shilingi chache, akatiliwa filamu tele katika simu yake bila ya idhini ya wenyewe. Mwaka 1988 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait, iliamua kwamba haki za watungaji na wavumbuzi zinahifadhiwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Basi hata kipindi kilichokuwa safi hunajisika kwa njia kilichopatikana. Je, waweza kumfunza mwanao uaminifu kwa kitu cha wizi?

Akisema msemaji: "Safari ni ndefu, na moyo wataka kupumzishwa," tutamjibu: Umesema kweli. Hanzala, sahaba wa Mtume (S.A.W.), aliona kwamba hali yake nyumbani si kama hali yake mbele ya Mtume, akajihofia unafiki. Mtume akamtuliza, akamweleza kwamba kuna wakati wa hili na wakati wa lile. Mapumziko ni halali. Lakini mapumziko ni yale yenye mwisho. Yasiyokuwa na mwisho hayaitwi mapumziko, huitwa upotevu.

Basi nasaha yetu ni hizi. Kabla ya kuondoka, mtu ajiwekee Qur'ani na darsa yenye manufaa katika chombo chake, na ajifunze dua ya safari. Akitaka kipindi, na achague kile ambacho angeweza kukitazama mbele ya mamake bila ya haya, na akipate kwa njia ya halali. Ajiwekee kiasi chake mwenyewe, kwa kuwa saa ya kufunga haiko tena. Na wazazi wasimpe mtoto simu ili anyamaze, kisha wakastaajabu kwamba hasikii aambiwapo.

Ndugu zetu, ile safari kubwa haina tikiti ya kurudia, wala vilivyomo mfukoni havichukuliwi. Sanda haina mfuko. Kitakachokwenda nasi ni amali zetu tu. Na tuyatengeneze masurufu yake tungali na wakati.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu, na atubarikie umri wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.