Ngome Nyuma ya Marobota

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkulima mmoja wa Salfords, Surrey, kule Uingereza, ilimchukua miaka 14.

Shamba lake lilikuwa ndani ya ukanda wa kijani unaoizunguka London, mahali ambapo kibali cha nyumba mpya hupatikana kwa nadra. Hakuomba. Alijenga nyumba ya vyumba vinne vya kulala, yenye minara kama ngome ya kale, akaizingira kwa marobota ya majani makavu na maturubai mpaka isionekane. Mwaka 2002 familia ikahamia. Ukifungua dirisha, unaona majani. Inasimuliwa kwamba siku watoto wa chekechea walipotakiwa kuchora nyumba zao, mtoto wao alibakizwa nyumbani asije akaichora siri.

Alikuwa amepiga hesabu. Kwa sheria ya wakati ule, nyumba iliyokamilika ikikaa miaka minne bila halmashauri kuchukua hatua, haibomolewi tena. Mwaka 2006 akayaondoa marobota, ngome ikatokeza.

Halmashauri ya Reigate and Banstead haikuja na tingatinga alfajiri. Ilimpa notisi ya kubomoa, naye akakata rufaa, kama ilivyo haki yake. Mkaguzi wa serikali alisikiliza pande zote, akamkatalia. Mwaka 2010 Mahakama Kuu nayo ikamkatalia. Sababu yao inafaa kusomwa mara mbili: marobota yale yalikuwa sehemu ya ujenzi wenyewe, kwa hiyo ujenzi haukukamilika mpaka siku yalipoondolewa. Miaka minne aliyojihesabia haikuwa imeanza hata siku moja.

Yaani angejenga peupe, na maofisa wakasinzia miaka minne, huenda angepona. Sheria ilikuwa tayari kusamehe usingizi wa halmashauri, si ujanja wa mjenzi. Kwa maoni yangu, ilikuwa sawa.

Aliendelea kukaidi. Mwaka 2015 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi mitatu kilichoahirishwa, kwa sharti kwamba abomoe. Mwaka 2016 ngome ikashushwa. Bunge nalo halikulala: sheria ya 2011 iliziwezesha halmashauri kuwafuatilia wanaoficha majengo makusudi hata muda ukiwa umepita, na tangu 2024 ile miaka minne imekuwa kumi kwa England.

Huku kwetu marobota ni sikukuu na wikendi. Zege linamwagwa Ijumaa usiku ili Jumatatu afisa mipango miji akute ukuta umesimama, kisha aje mtu wa kuandika X nyekundu, na kilio kianze. Kama ndiyo hesabu yako, peleka ramani yako halmashauri kwanza. Ukinyimwa kibali, dai sababu kwa maandishi na ukate rufaa kabla hujachimba msingi, maana gharama ya kubomoa nayo huwa ya mwenye nyumba.