Watu, na Kalamu Nyekundu

Siku hizi kijana anayekwenda chuo huambiwa, "Kapate watu huko. Vyeti kila mtu anavyo, konekisheni ndiyo mpango mzima." Ni kweli, wapo wengi waliopata kazi kwa simu moja ya rafiki wa hosteli.

Lakini tutazame Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Tunapenda kutaja waliosoma hapo: Museveni wa Uganda, Garang wa Sudan Kusini. Mimi huvutiwa zaidi na kazi iliyofanyika pale. Mwalimu wa historia kutoka Guyana, Walter Rodney, alikuwa akifundisha huko alipotoa, mwaka 1972, kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Hoja zake zinabishaniwa hadi leo.

Fikiria darasa la mwalimu wa namna hiyo: mwanafunzi anarudishiwa insha, pembeni pana wino mwekundu: "Umejuaje?" Anarudi maktaba, anafukua ripoti za wakoloni, anajumlisha mwenyewe tani za mkonge, na jambo aliloliamini tangu utotoni linaporomoka mbele yake. Saa hiyo chungu naithamini kuliko mahafali yote. Rafiki anaweza kukuingiza ofisini. Mkataba ukiwekwa mezani, hatakusomea.

Basi wewe unayeripoti chuo mwaka huu, fahamiana na watu, tena kwa moyo mweupe. Kisha muulizie yule mwalimu ambaye wote wanamkimbia kwa ukali wake, ukajiandikishe somo lake.